Usininunulie Beringi Inayong'aa

Kaka yangu anaendesha bodaboda kati ya Lushoto mjini na Soni. Likizo ndefu ya mwaka jana alianguka kwenye kona akishuka na gunia la viazi, akavunjika mkono. Nyumbani wengine walilaumu mvua, wengine gunia. Mama alilaumu bodaboda zote kwa ujumla, kama kawaida yake. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu beringi za gurudumu la mbele nilimchagulia mimi.

Hadithi yenyewe ni hii. Masika yale beringi zake zilikuwa zinakufa ovyo. Akifunga mpya, baada ya muda mfupi gurudumu linaanza kulia, ukiligeuza kwa mkono unasikia kama kuna mchanga ndani. Akizitoa, kutu tupu. Akaja kuniuliza, maana mimi ndiye "mwalimu" wa ukoo, nasoma ualimu wa fizikia na hisabati, na nyumbani wanaamini kwamba mtu wa fizikia anajua kila kitu chenye nati. Nikamjibu kwa mbwembwe: "Kaka, tatizo lako ni kutu. Tafuta beringi za chuma kisichoshika kutu, uache kununua hizi za bei chee." Alikuwa na safari ya Tanga, akazitafuta kweli. Akazipata kwenye duka moja, za saizi yake, zinang'aa kama kijiko cha harusi, bei karibu mara nne ya zile za kawaida. Muuzaji akamwekea sumaku juu yake, sumaku ikateleza. "Unaona? Haishiki. Hii ndiyo orijino."

Kaka akanipigia simu kuhakikisha. Nikamwambia nunua.

Hazikushika kutu. Hilo lazima niliseme, hadi zinatolewa zilikuwa safi. Ila baada ya wiki kadhaa gurudumu lilianza kutetemeka, na akiinyanyua pikipiki gurudumu linacheza kushoto na kulia. Akaniuliza tena. Nikasema zitazoea. Unajua mtu akishakosea mara moja, kosa la pili linakuwa jepesi zaidi. Kisha ndiyo ikaja ile kona.

Kwa asiyejua maisha ya bodaboda: kaka yuko kwenye mkataba. Pikipiki bado si yake, kila siku anapeleka hesabu kwa mwenye chombo mpaka deni liishe. Mkono ukiwa kwenye plasta hesabu haisimami. Mama aliuza mbuzi. Sitaki kulikuza jambo, mkono ulipona na pikipiki haikunyang'anywa, lakini kila ninapoona watu wanabishana hosteli kuhusu kipi ni "materio bora" namkumbuka yule mbuzi.

Fundi aliyefungua gurudumu ni mzee wa makamo anayefanyia kazi chini ya mkaratusi, garage yake ni turubai na sanduku la spana. Nilikwenda na kaka kwa sababu nilitaka kujua. Mzee hakuongea sana. Akachukua beringi ya kawaida iliyokufa, iliyojaa kutu, akaibana, akapitisha tupa ukingoni. Tupa iliteleza kama inapita kwenye kioo, ikatoa mlio mwembamba. Akaibana ile ya kwetu inayong'aa, akapitisha tupa ile ile. Tupa ikauma. Ikaacha mfereji, na vumbi jeupe la chuma likamwangukia miguuni.

"Hiki chuma cha masinki, mwanangu," akasema. "Nani kawashauri?"

Kaka akaniangalia, hakusema kitu. Namshukuru mpaka leo.

Baada ya hapo nilisoma kama sijawahi kusoma kwa ajili ya mtihani wowote. Na nilichokikuta ndicho kinanifanya niandike humu, kwa sababu naona kosa langu si langu peke yangu. Tumefundishwa hivyo.

Beringi ni pete mbili na gololi katikati. Gololi ile ni duara na pete nayo ina mfereji, kwa hiyo vinagusana kwenye eneo dogo mno, dogo kuliko punje ya mtama. Uzito wote wa pikipiki, kaka na viazi unapita kwenye vinukta hivyo vichache. Shinikizo pale linaweza kupita megapaskali 1,000, yaani mara 10,000 hivi ya shinikizo la hewa tunayopumua. Kitu cha kwanza unachokihitaji pale ni ugumu, kisha uwezo wa kubonyezwa mara mamilioni bila kupasuka. Urembo hauna kazi.

Ndiyo maana beringi nyingi duniani, kuanzia ya pangaboi mpaka ya pikipiki, hutengenezwa kwa chuma cha pua chenye kaboni kama asilimia 1 na kromiamu kama asilimia 1.5. Kinapashwa moto kupita nyuzi 800, kinatumbukizwa kwenye mafuta, kisha kinapashwa tena kidogo ili kisivunjike kama biskuti. Kikitoka hapo tupa haikiumi. Kromiamu asilimia 1.5 haitoshi kuzuia kutu, na hakuna aliyeiweka kwa kazi hiyo. Imo kusaidia ugumu uingie mpaka ndani.

Chuma kisichoshika kutu kinataka kromiamu kuanzia asilimia 10 na ushee. Na hapa ndipo nilipopotea, kwa sababu nilidhani ni chuma kimoja. Kumbe ni ukoo mzima. Kuna kile cha masinki na mabomba ya viwanda vya maziwa: kaboni yake ni kidogo sana, ukikipasha moto na kukitumbukiza hakigeuki kuwa kigumu, na mara nyingi sumaku haikishiki. Beringi zake zipo na zina kazi yake, kwenye mashine nyepesi zinazooshwa kwa dawa kali. Halafu kuna kingine chenye kromiamu kama asilimia 17 na kaboni kama asilimia 1, hicho kinakubali kuwa kigumu, na sumaku inakishika. Hata hicho hubeba mzigo pungufu kidogo ukikilinganisha na cha kawaida cha saizi ile ile, na bei yake ni ya juu.

Sasa rudi kwenye ile sumaku ya muuzaji. Sumaku kuteleza ndiyo ilikuwa onyo. Ilikuwa inatuambia: chuma hiki hakijawahi kuwa kigumu na hakitakuwa. Sisi tukaisoma kama cheti cha ubora. Simsemi muuzaji kwamba alitudanganya. Nadhani na yeye aliamini anachokisema. Mimi ndiye niliyekuwa na Kidato cha Sita cha fizikia.

Na kutu je? Kutu ilikuwa kweli, ila dawa yake haikuwa chuma. Zile beringi za kwanza za kaka zilikuwa na vifuniko vya bati. Bati linazuia vumbi lakini haligusi pete ya ndani, lina mwanya mwembamba. Kaka alikuwa anaosha pikipiki kila jioni mtoni, anamwaga maji kwa nguvu kwenye habu ili ing'ae kesho kijiweni. Maji yanapita kwenye mwanya, yanasukuma grisi, usiku kucha yanafanya kazi yake. Beringi ile ile, chuma kile kile, yenye kifuniko cha mpira pande zote mbili ingemtosha. Mpira unagusa pete, unabana. Bei inazidi kidogo tu. Yaani materio iliyohitaji kubadilishwa ilikuwa ya kifuniko, na mtu wa fizikia akaenda kubadilisha gololi.

Hebu niseme kidogo juu ya kauri, kwa sababu najua kuna wenzangu hapa chuoni watainua mkono. Kuna jamaa mmoja wa mwaka wa tatu, rafiki yangu, akisikia neno beringi anaanza kuhubiri gololi za kauri. Anasema ni ngumu kuliko chuma, hazishiki kutu, ni nyepesi, kwa hiyo ndizo za baadaye na tuache ushamba. Sifa zote hizo ni za kweli. Kauri ya silikoni na naitrojeni ina uzito chini ya nusu ya chuma kwa ujazo ule ule, na haipitishi umeme. Kwa hiyo kwenye mota za umeme zinazokwenda kasi, ambako umeme ukipenya kwenye beringi unachimba vishimo kwenye mfereji, na kwenye mashine za kuchonga zinazozunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, kauri inastahili bei yake. Lakini chukua kalamu. Gurudumu la bodaboda mzunguko mmoja ni kama mita 1.9. Kaka akienda kilomita 60 kwa saa, hiyo ni mita 1,000 kwa dakika, gurudumu linazunguka mara 500 na kitu. Kwenye kona za Soni hafiki hata nusu ya hapo. Wepesi wa gololi hapo unamsaidia nini? Na ikifa Jumapili jioni pale Soni, ataipata duka gani?

Hilo swali la duka halimo kwenye vitabu vya fizikia niliyofundishwa, na mimi naliona ni nusu ya suala lote. Beringi namba 6202, tundu milimita 15, kipenyo cha nje 35, upana 11, namba hiyo hiyo ukienda Mombo, Korogwe, Kariakoo au Mombasa ni saizi ile ile. Fundi anaijua kwa macho. Kitu kinachofaa milimani kwetu ni kile ambacho kinabeba mzigo, kinavumilia matope, na kikifa mtu anaweza kukibadilisha kabla ya giza.

Mzigo wenyewe nao una hesabu yake ya kutisha. Kwa beringi za gololi, ukizidisha mzigo mara mbili, umri unaotarajiwa haupungui nusu, unabaki sehemu moja ya nane. Mbili mara mbili mara mbili. Kila mara nikiona mshikaki wa watu watatu na dereva, na begi juu ya tenki, naifanya hesabu ile kichwani na siipendi. Hakuna chuma utakachomnunulia dereva huyo kikatosha. Ndiyo maana magurudumu ya malori yanayoshusha kabichi na karoti kwenda Dar hayategemei gololi, yana beringi za vipande mfano wa pipa dogo lililochongoka, ili mzigo ukae kwenye mstari badala ya nukta.

Upande mwingine wa hadithi niliufahamu tangu mtoto, sema sikujua kwamba naufahamu. Waliokulia huku juu wanazijua baiskeli za mbao: ubao wa kukalia au kusimama, usukani wa mti, magurudumu mawili. Vijana huteremkia nazo kuni na majani ya ng'ombe. Zile za watoto wa mjini, karibu na magereji, magurudumu yake ni beringi zilizokufa, pete ya nje ndiyo tairi, zinapita kwenye lami zikipiga kelele mpaka mbwa wanakimbia. Zile za vijijini magurudumu ni mbao, na ndani yake hakuna beringi kabisa, ni tundu kwenye mbao ngumu linalozunguka kwenye mti mwingine mgumu, linapakwa oili chafu. Tulikuwa tunawacheka wa vijijini. Kumbe wale ndio walikuwa wamechagua vizuri zaidi. Kwenye njia ya udongo beringi tupu inazama na kuziba matope. Mbao pana inapita, na ikiliwa unachonga nyingine jioni ile ile kwa panga, gharama sifuri. Kwa mwendo mdogo na mzigo wa wastani, mbao iliyokunywa mafuta ni beringi halali kabisa. Meli kubwa za zamani zilitumia vipande vya mti mgumu uitwao lignum vitae kushikilia mhimili wa propela, chini ya maji ya chumvi, na maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa grisi. Wakati huo chuma kigumu kilikuwepo. Kwa kazi ile, mti ulikifaa kuliko chuma.

Sidharau gololi, jamani. Kuna sababu kwa nini mwaka 1883 Friedrich Fischer wa Schweinfurt, Ujerumani, alipopata mashine ya kusaga gololi nyingi zikatoka duara sawasawa, mji ule ukawa mji wa beringi, na kwa nini mwaka 1943 Wamarekani walipeleka ndege kuulipua. Bila beringi hakuna kifaru kinachotembea. Lakini gololi ya Fischer ilikuwa jibu la swali fulani. Sisi tunapenda kuchukua majibu ya watu bila maswali yao.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, la sisi wanafunzi wa ualimu.

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, nilipewa Kidato cha Tatu, mada ya msuguano. Siku ya kwanza nikauliza njia za kupunguza msuguano. Mikono juu darasa zima. Wakazitaja kwa Kiingereza safi, kwa mpangilio wa kitabu: kulainisha, kutumia mafuta, kutumia gololi za beringi. Nikafurahi. Nikatoa mfukoni beringi ya kaka, nikaiweka mezani, nikauliza hii ni nini. Kimya. Darasa la wanafunzi zaidi ya 50, Lushoto, ambako karibu kila mtoto wa kiume ameteremka mlima juu ya kitu kile. Mwishowe mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya kujitetea, kama anayekiri kosa: "Madam, hiyo si beringi ya skuta?" Wenzake wakamcheka, wakidhani amekosea.

Mimi sikucheka. Nilikiona pale pale nilichokifanya kwa kaka. Kichwani kulikuwa na rafu mbili, moja ya maneno ya mtihani na moja ya vitu vya duniani, na kati yao hapakuwa na njia. Mtoto anajua kwamba beringi huhitaji grisi, anajua ya bati inakufa haraka kwenye matope, anajua mbao gani haipasuki, na hajui kwamba hiyo ndiyo fizikia. Na mimi nilikuwa na fizikia bila kujua habari ya bati na mpira.

Kipindi kilichofuata nilikwenda na tupa, sumaku na beringi sita nilizookota garage. Nikawagawa makundi, nikawaambia kila kundi linichagulie beringi ya kazi moja: gurudumu la bodaboda masika, mashine ya kusaga mahindi, pangaboi la ofisini, baiskeli ya mbao ya kubebea majani. Swali langu halikuwa ipi ni bora. Niliwataka waniambie mzigo kiasi gani, kasi kiasi gani, maji na vumbi vipi, na ikifa nani ataibadilisha na wapi. Kundi la mashine ya kusaga walibishana mpaka kengele ikalia, kwa sababu binti mmoja ambaye baba yake ana mashine aliwaambia adui pale ni unga laini kuliko mzigo, na wengine hawakutaka kukubali. Kundi la baiskeli ya mbao walichagua mbao. Nikawapa alama zote.

Najua majibu ya wakubwa. Mtihani wa Taifa hautauliza mpira na bati. Silabasi ni ndefu, vipindi ni vichache, madarasa yamejaa. Nimeyasikia yote, na mengine ni kweli. Mwalimu mmoja aliyenisimamia aliniambia kwa upole kwamba nilitumia dakika 80 kwa nukta moja ya kitabu. Ni kweli nilizitumia. Lakini nukta ile waliijua kabla sijaingia darasani, na ilikuwa haiwasaidii chochote. Kama dakika 80 ndizo gharama ya kuunganisha zile rafu mbili, mimi bado nazilipa, na ningependa tufundishwe kuzilipa tukiwa hapa chuoni, kabla hatujatumwa kwa watoto wa watu.

Tunachokosa si maabara ya mamilioni. Garage yoyote ya Lushoto itakupa beringi zilizokufa bure, wanazitupa. Kuna mafundi ambao kwa tupa na sikio wanajua mambo ambayo mimi niliyalipia kwa mbuzi. Sijawahi kumwona hata mmoja amealikwa kwenye ukumbi wetu wa mihadhara. Chama chetu huwa kinaleta wageni wa kutuhamasisha kuhusu mafanikio. Safari moja kilete fundi, alipwe posho kama wageni wengine, na asiombwe kuja na slaidi.

Mimi nimeanza na boksi. Lipo chini ya kitanda changu hosteli, lina beringi 31 mpaka jana, nyingine za bati, nyingine za mpira, mbili za kwenye mota ya pampu, na ile moja inayong'aa yenye mfereji wa tupa ubavuni. Mwenzangu wa chumba analalamika harufu ya grisi na ana haki. Anayetaka kuazima kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha muhula ujao aje, ila azirudishe.

Kaka sasa anatumia za mpira, za chuma cha kawaida, na haoshi tena habu kwa maji ya nguvu. Juzi aliniambia anabadilisha breki. Nikamuuliza amechagua zipi. Akasema ameshamuuliza fundi.